Mkono au Kompyuta: Kumchagulia Mtoto Filamu ya Katuni

Wazazi wengi wakitaka kuwawekea watoto filamu ya katuni, huwa wameshakata shauri moja kabla hata hawajaanza kuchagua: iwe mpya, na picha zake zionekane kama kweli. Iliyochorwa kwa mkono inawekwa kando, kwamba hiyo ni ya enzi za kanda za video. Naona shauri hilo linamnyima mtoto nusu ya sanaa hii, na kwa mtoto mdogo linamnyima nusu iliyo bora. Sisemi kompyuta imeharibu katuni; baadhi ya filamu ninazozipenda mno zimetengenezwa kwa kompyuta tupu. Ninachosema ni kwamba mzazi anayejua kila njia inaweza nini atachagua vizuri zaidi, hatapoteza bando bure, na mtoto wake atajifunza kutazama badala ya kukodoa macho tu.

Tuanze na hadithi ambayo karibu kila nyumba inaijua, ya mtoto wa simba aliyefiwa na baba akakimbia kwao. Disney waliitengeneza mara mbili. The Lion King ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, ilichorwa kwa mkono, na baadhi ya watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya kuyaangalia majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Ile ya mwaka 2019, ya Jon Favreau, ilitengenezwa ndani ya kompyuta, isipokuwa picha moja ya mwanzo kabisa, ya jua linachomoza, ambayo ilipigwa kwa kamera halisi. Hadithi ni ile ile, nyimbo nyingi ni zile zile, hata sauti ya Mufasa, yule baba, katika zote mbili ni ya James Earl Jones. Kilichobadilika hasa ni picha. Ukizitazama zote mbili katika juma moja, utaelewa mengi kuliko maelezo yoyote.

Mtazame Scar, mwovu wa hadithi hii. Katika filamu ya 1994 mchoraji aliyemsimamia, Andreas Deja, alimpa nyusi zinazopanda na kushuka, mdomo unaopinda upande mmoja, na mikono ya mtu anayejiona bora kuliko wenzake. Simba wa mbugani hana nyusi za kuinua. Mchoraji hakujali, kwa sababu alikuwa anachora hila, na hila inahitaji nyusi. Mtoto wa miaka minne akimwona Scar kwa mara ya kwanza anajua huyu si mtu mwema, kabla hajatamka neno. Scar wa 2019 ana uso wa simba kweli, uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa ajabu, na kwa sababu hiyo hiyo hasira yake, huzuni yake na uongo wake vinakaribia kufanana usoni. Kazi yote inaangukia sauti ya mwigizaji. Sasa fikiria mtoto wako ambaye Kiingereza bado hakijamkaa. Sauti ile haimwambii mengi. Katika filamu ya kwanza anaweza kuifuata hadithi kwa macho peke yake, katika ya pili atakuuliza kila baada ya dakika mbili, "Huyu amekasirika?"

Au utazame wimbo ambamo Simba mdogo anajigamba kwamba hawezi kusubiri kuwa mfalme. Katika filamu iliyochorwa, rangi za savana zinaondoka ghafla, zinaingia rangi kali za kitambaa cha sikukuu, na wanyama wanapandana mgongoni mpaka wanakuwa mnara. Hayo ndiyo yaliyomo kichwani mwa mtoto anayejigamba, na mchoraji ametuingiza humo. Katika filamu ya 2019 wanyama wale wanatembea na kukimbia kandokando ya maji kama wanavyofanya kwenye vipindi vya wanyamapori. Wimbo upo, ila ndoto haipo. Waliotengeneza filamu walijifunga wenyewe: ukishaamua kila kitu kionekane kama kweli, twiga hawezi tena kuwa ngazi.

Lakini kuna mahali filamu ya 2019 inaizidi ile ya kwanza. Ipo sehemu ambapo shada dogo la manyoya ya Simba linapeperuka, linapita safari ndefu, linafika hata kwenye mavi ya twiga na kusukumwa na dundu wa mavi, hadi linamfikia nyani aitwaye Rafiki. Hakuna anayesema neno. Mwanga unapita kwenye kila unywele, vumbi linatulia, na mtoto anayependa wadudu na majani atakaa kimya mpaka mwisho. Hapo kompyuta inafanya inachokiweza kuliko mkono: kukufanya uamini mahali. Ukiwa na mtoto wa miaka tisa au kumi anayependa wanyama, filamu ile ni chaguo zuri. Ukiwa na wa miaka minne, nakushauri usianze nayo, na sababu si ya sanaa tu. Simba wanaopigana mle ni kama simba wa kweli, wenye meno ya kweli, na kifo cha Mufasa kinaumiza kwa namna ambayo mchoro huwa unaipunguza makali. Mchoro humwambia mtoto, kila dakika, kwamba hii ni hadithi.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa filamu ya 1994 wengi hawalijui. Ile mbio ya nyumbu bondeni, inayomuua Mufasa, ilitengenezwa kwa kompyuta. Kundi dogo la mafundi lilichukua zaidi ya miaka miwili kuandaa kama dakika mbili na nusu za filamu, kwa sababu hakuna jeshi la wachoraji ambalo lingechora mamia ya nyumbu wasiogongana. Miaka mitatu kabla, katika Beauty and the Beast ya 1991, ukumbi mkubwa wa dansi ulikuwa wa kompyuta huku wanaocheza ndani yake wamechorwa. Katika The Iron Giant ya Brad Bird, ya 1999, kijana na mama yake wamechorwa kwa mkono, lakini lile zimwi la chuma rafiki yake ni la kompyuta, na unahisi kweli kwamba limetoka ulimwengu mwingine. Kwa hiyo njia hizi mbili hazijawahi kuwa maadui. Mafundi wenyewe wamekuwa wakizichanganya kwa zaidi ya miaka thelathini.

Inafaa mzazi ajue kazi yenyewe inavyofanywa, walau kwa ufupi, ili aweze kumjibu mtoto. Filamu hupita mbele ya macho fremu 24 kwa sekunde. Katika katuni ya mkono, mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu mbili, kwa hiyo mhusika mmoja anahitaji michoro 12 kwa kila sekunde anayosogea. Mchoraji mkuu huchora mikao muhimu, wasaidizi wakajaza ya katikati. Hesabu inapanda haraka: Ponyo ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2008, ilikula michoro zaidi ya 170,000. Upande wa kompyuta, fundi anajenga umbo la mhusika, anamwekea mifupa ya kumsogezea, halafu mhuishaji anampanga mkao kwa mkao, naye akiijua miili ya watu na wanyama sawasawa na mchoraji. Baadaye wanaweka taa, kisha mashine zinachakata kila fremu kwa saa nyingi.

Mtoto akikuambia kompyuta ndiyo inayotengeneza yenyewe, msahihishe. Filamu za Pixar, kama nyingine zote za aina hiyo, huanza kwa michoro: ukuta mzima wa picha zilizochorwa na watu, zikionyesha hadithi tukio kwa tukio. Na ukitaka kumwonyesha mipaka ya mashine, mweleze kwa nini filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, Toy Story ya 1995, ilikuwa ya vitu vya kuchezea. Kompyuta za wakati ule ziliiweza plastiki; ngozi, nywele na nguo zilizishinda. Angalieni pamoja binadamu waliomo katika filamu ile, mtaona walivyo wagumu kama masanamu. Miaka sita baadaye, katika Monsters, Inc., jitu Sulley lina nywele zaidi ya milioni mbili zinazopepea kila moja peke yake.

Nywele zenyewe zinanigusa kwa sababu nyingine. Kwa muda mrefu filamu za kompyuta zilijua nywele laini na ngozi nyeupe tu. Katika Soul ya Pixar, ya mwaka 2020, kuna sehemu dukani kwa kinyozi ambapo vichwa vya watu weusi, kila kimoja na aina yake ya nywele, vimewekewa mwanga kwa heshima inayostahili. Soul ni filamu ya mawazo mazito kidogo, mtoto mdogo itampita. Hata hivyo mwite atazame sehemu ile ya kinyozi peke yake.

Sasa, usidhani kila picha bapa imechorwa kwa mkono. Katuni nyingi za runinga siku hizi ni vipande vilivyochorwa mara moja ndani ya kompyuta, halafu mkono, kichwa na mdomo vikasogezwa kama vya kikaragosi. Ubongo Kids ya Dar es Salaam ni bapa na ni kazi ya kompyuta, na kwa mtoto anayejifunza hesabu kwa Kiswahili ina faida ambayo Hollywood haiwezi kumpa. Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilichukua mtindo wa michoro iliyoanzishwa na Edward Said Tingatinga huko Dar es Salaam, yenye rangi za kung'aa na madoa yake, ikaufanya usogee kwa kompyuta. Chombo ni cha kisasa, jicho ni letu. Hapo ndipo ninapotaka mzazi afike: aache kuuliza filamu imetengenezwa kwa chombo gani, aulize imetazamwa na jicho la namna gani.

Jaribio zuri la hilo ni kumfuata mwongozaji mmoja aliyetumia njia zote mbili. Michel Ocelot, Mfaransa aliyepitisha sehemu ya utoto wake nchini Guinea, alitoa Kirikou et la sorcière mwaka 1998: kitoto kidogo mno, chenye akili nyingi, katika kijiji cha Afrika Magharibi kilichonyang'anywa maji na mchawi, huku muziki ukiwa wa Youssou N'Dour. Imechorwa, watu wakiwa wamesimama mbele ya majani makubwa yaliyotulia, na mwendo wake ni wa hadithi inayosimuliwa jioni. Nakutahadharisha mapema kwamba Kirikou anakuwa uchi muda wote na wanawake wa kijiji hawajafunika vifua, kama ilivyokuwa kawaida ya mahali hapo. Familia yako ikiona tabu na hilo, ni vyema ulijue kabla hujawakusanya watoto. Mimi naiona ni filamu safi kabisa. Mwaka 2006 Ocelot alitengeneza Azur et Asmar kwa kompyuta, hadithi ya vijana wawili walionyonyeshwa na mama mmoja, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Maghreb. Nyuso zina ukavu kiasi, lakini nguo, vigae na bustani zimepambwa kwa mkono unaoheshimu sanaa ya Kiislamu, na Kiarabu kinachosemwa mle kimeachwa bila tafsiri. Mtoto wa Zanzibar au Lamu atatambua milango na nakshi kuliko mtoto wa Paris.

Kwa wakubwa kidogo wenye hamu ya historia, ipo The Adventures of Prince Achmed ya Mjerumani Lotte Reiniger, ya mwaka 1926, iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi na kuchukua visa vya Alfu Lela u Lela. Ndiyo filamu ndefu ya katuni kongwe kuliko zote zilizosalia, na ni ya kimya.

Lugha ndilo tatizo ambalo makala za ushauri za wenzetu wa nje hazilitaji, kwa sababu kwao halipo. Watoto wetu wengi hutazama filamu ambazo maneno yake hawayaelewi, na mzazi akidhani wanacheka wanachokielewa. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha filamu ya familia ni hiki: zima sauti dakika tano uone kama hadithi bado inasimama. My Neighbor Totoro ya Miyazaki, ya mwaka 1988, inasimama. Ni dada wawili waliohamia kijijini na baba yao huku mama amelazwa hospitali, na dubwana la msituni linalowafariji. Hakuna adui, hakuna vita, hakuna wa kumwogopa. Ipo sehemu watoto wanamsubiri baba kituo cha basi usiku mvua ikinyesha, Totoro anapewa mwavuli, anasikia matone yanavyolia juu yake, anafurahi mpaka anaruka na kuuangusha mzigo wa maji uliokuwa kwenye miti. Dakika kadhaa karibu hakuna neno, na sijaona mtoto aliyeondoka. Hayo ni mafanikio ya mkono: mchoraji aliyeamua kusimama, kuacha kitu kidogo kidumu.

Kwa upande wa kompyuta, Flow ya mwaka 2024, ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, haina neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Paka mmoja anaikimbia gharika, anajikuta ndani ya jahazi pamoja na mbwa, ndege mrefu na wanyama wengine wasiojuana. Wanyama wanalia kama wanyama, lakini kila mmoja ana tabia yake. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, ikashinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025 mbele ya makampuni makubwa. Picha zake hazijang'arishwa mpaka mwisho, manyoya yana alama kama za brashi, na kamera inamfuata paka kwa karibu mpaka unashika pumzi. Maji yanatisha, kwa hiyo mtoto mwoga akae mapajani.

Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 naiweka kwa watoto wa kuanzia miaka minane au tisa. Ni ya kompyuta, lakini mafundi walichora mistari juu ya nyuso na kumfanya kijana Miles asogee michoro 12 kwa sekunde pale anapojikwaa na kujifunza, huku mwenzake mzoefu akisogea 24. Mtoto halihesabu hilo, ila analihisi. Ina miale mingi inayomulika na kuzima haraka, hivyo kama mtoto wako ana kifafa, usiiweke.

Sasa mambo ya chumba chenyewe. Runinga nyingi mpya huja zikiwa zimewashwa kitu kinachoongeza fremu za kubuni kati ya fremu za kweli ili mwendo uonekane laini. Kwa mpira wa miguu kinasaidia. Kwa katuni ni uharibifu, hasa iliyochorwa: michoro inaanza kuteleza kama imepakwa mafuta, mistari inakuwa na mikia. LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow, wengine wana majina yao. Ingia kwenye mipangilio ya picha, ukizime. Kama mnatazama kwa simu au runinga ndogo, chagua filamu zenye mistari na rangi bapa, kwa sababu hata bando likishuka na picha ikapungua ubora bado uso unasomeka, wakati sehemu za giza za filamu ya kompyuta hugeuka kuwa tope jeusi. Na urefu uupime kabla: Totoro ni dakika 86, The Lion King ya 1994 ni 88, ile ya 2019 inakaribia saa mbili. Kwa mtoto wa miaka minne tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya teknolojia.

Ukikaa nao, usiwageuze wanafunzi. Swali moja katikati linatosha: "Umejuaje kwamba amehuzunika?" Mtoto atakuonyesha nyusi, mabega, au jinsi mwanga ulivyopungua, na hapo ameshaanza kuiona kazi ya mtu nyuma ya picha. Baada ya filamu mpe daftari la zamani na penseli. Achore mpira kwenye pembe ya kila ukurasa, ukishuka kidogo kidogo kisha ukipanda tena, halafu azipeperushe kurasa haraka kwa kidole. Mpira utadunda. Akishaelewa kwamba mpira lazima ubonyee unapogusa chini ndipo uonekane mzito, amejifunza sheria ambayo wahuishaji wa penseli na wa kompyuta wote wanaifuata. Miaka kadhaa baadaye, akitaka kuendelea, Blender ipo bure na mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Wapo waliotangulia kwetu: Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda kila mmoja aliongoza filamu fupi katika mkusanyiko wa Kizazi Moto: Generation Fire uliotolewa na Disney mwaka 2023. Ila nakuomba usimrukishe penseli. Anayeanza na programu hujifunza vitufe, na vitufe hubadilika kila toleo.

Likizo ijayo, kama una nafasi ya filamu mbili tu, nakushauri Totoro na Flow, kwa mpangilio huo, siku mbili tofauti. Kama una nafasi ya moja na mdogo wenu hajatimiza miaka saba, chukua Totoro.